Chumba cha Mwalimu
Mwalimu mstaafu kutoka Lamu aliwasili saa nane mchana katika hoteli moja ya kifahari jijini Nairobi, akiwa amekwisha kulipia chumba kinachotazama Bustani ya Uhuru. Alisalimu kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiingereza: asubiri, chumba hakijasafishwa. Waliofika nyuma yake wakizungumza Kiingereza walikabidhiwa funguo papo hapo. Saa kumi na moja akapewa chumba ambacho dirisha lake lilitazama jenereta na mapipa ya jikoni. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Pale mapokezi, ajabu ya Musa, kilikuwa lugha ya wapagazi tu. Mmoja wao, alipotua mizigo, ndiye pekee aliyemwamkia, "Shikamoo, mzee." Mwalimu hakuketi. Alishuka kudai chumba chake, kwa Kiswahili kile kile, hadi meneja akaitwa.