Peugeot ya Mwalimu na Mlima Magara

Mnunuzi wa jahazi kuukuu hatazami rangi. Hugonga mbao kwa kifundo cha kidole, hushuka ngamani kutazama maji yaliyotuama, kisha huuliza chombo kimekuwa mikononi mwa nani. Gari kuukuu nalo hununuliwa kwa hadhari iyo hiyo, hata katika nchi ambayo haijapata kuona tanga, kama vile Mbulu na Hanang, wilaya mbili za mkoa wa Manyara zilizo katika nyanda za juu za Bonde la Ufa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Dongobesh, wilayani Mbulu, alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari la namna hiyo: Peugeot 504 ya mwaka 1982, ya petroli, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,971 na gia ya kwenye usukani. Mkewe alikuwa ametaka tangi la kuvunia maji ya mvua. Majirani nao hawakuelewa. Kwa fedha zile angeliweza kupata gari dogo la Kijapani, jepesi wa mafuta, ambalo vipuri vyake vinauzwa kila mji. Mwalimu hakujitetea kwa maneno mengi. Sababu yake ilikuwa ya utotoni, na sababu za utotoni hazifafanuliki mbele ya mtu anayeteka maji mbali.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika baadhi ya miaka njia yake iliukwea mlima Magara, ule ukuta wa Bonde la Ufa unaopandisha kutoka ukanda wa Ziwa Manyara, ikaingia Mbulu. Yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, na udongo wa huko ukilowa huteleza kama sabuni. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. La kwanza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Peugeot 404 ikashinda tena, ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Watoto wa vijijini walisimama kando ya njia tangu alfajiri, wakilitambua gari kwa mlio kabla ya kuliona, na wakati mwingine wakaitwa kusukuma. Aliyesukuma gari la mashindano kwa mabega yake, akarudi nyumbani na tope mpaka kwenye kope, hasahau.

Kisha njia ikahama. Katikati ya miaka ya 1970 Safari ikabaki kuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Peugeot 504 ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978, lakini watoto wa Mbulu, waliokuwa vijana sasa, walizipata habari zake redioni tu. Miaka ya 1980 ilipoingia, nchi ilikuwa imetoka vita vya Kagera na fedha za kigeni hazikuwapo. Sukari ilikuwa ya mgawo, petroli ya kibali. Hata baada ya mwaka 1984, wenye fedha zao za nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, mshahara wa mwalimu haukuweza kununua hata magurudumu manne. Basi yule aliyenunua 504 uzeeni alikuwa analipa deni la ujana wake, na deni la namna hiyo halina mdai mwingine ila nafsi.

Alinunua kwa akili, lakini. Alilikataa gari moja lililotoka pwani, ling'aralo kama kikombe cha harusi, kwa kuwa alipitisha sumaku ubavuni nayo ikakataa kunasa: chini ya rangi palikuwa na paste, na chini ya paste kutu. Chumvi ya bahari haina haraka, lakini haiachi kitu. Gari alilolichukua lilikuwa limeishi miaka mingi bara. Rangi yake ilikuwa imepauka, bali chuma chake kilikuwa kizima. Aliwasha injini ikiwa baridi akatazama moshi: wa buluu ungelimwambia kwamba ringi za pistoni zimekwisha, mweupe usiokatika kwamba maji yanaingia katika silinda. Kilichomchosha zaidi ni kadi ya gari. Ilikuwa katika jina la marehemu, na mpaka msimamizi wa mirathi apatikane na warithi watie saini, gari lilikaa miezi kadhaa chini ya mti, limelipiwa nusu, likiwa si la mtu.

Ama kuliendesha, huko ndiko kununua kwenyewe. Injini ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, maana hewa inakuwa haba. Kabureta iliyopimwa pwani humwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, gari likakohoa na kuvuta moshi mweusi. Fundi mmoja wa Babati aliibadilisha jeti ya kabureta, akasafisha platini, akamwonya kuhusu maji. Kichwa cha injini ile ni cha alumini. Kikichemka mara moja hupinda, na gasketi huungua. "Mzee," alimwambia, "gari hili linataka masikio kabla ya kutaka pesa." Mwalimu akajifunza kusikiliza. Alijua mlio wa bushi iliyokwisha, wa shokapu iliyokufa, wa beringi inayoanza kulia. Bado alipata ile furaha aliyoifuata: juu ya vumbi la kiangazi, mawimbi ya barabara yakimezwa na springi zake ndefu, 504 ilikwenda kama ngalawa iliyopata kusi.

Lakini usiku mmoja wa masika aligongewa mlango. Mama mjamzito wa nyumba ya pili alikuwa na uchungu tangu mchana. Palikuwa na njia moja tu, ya kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo watu wa Mbulu na Hanang huikimbilia mpaka leo. Gari lilikwenda kwa gia ya pili karibu njia nzima, wanaume wanne wakilifuata kwa miguu penye utelezi, wakisukuma. Walifika. Mama na mtoto wakapona. Tangu usiku ule gari likaacha kuwa la Mwalimu peke yake. Wagonjwa, maiti wa kurudishwa kwao, mitihani ya kupelekwa shuleni: mlango uligongwa, naye hakupata kusema hapana. Petroli alinunua yeye.

Ndipo akaja mtu kutoka Arusha. Tangu mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale yamezirudia baadhi ya njia za zamani za Safari, na wenye uwezo huvitafuta vyuma vya enzi zile. Alitaja bei iliyopita ile ya kununulia. Kwa bei ile tangi la maji lingejengwa, na paa likabaki na chenji. Isitoshe, hoja ya haja ilikuwa inapungua: Magara imepata daraja na zege, pikipiki zimeenea, na magari ya wagonjwa yameongezeka. Gari dogo lolote sasa hupanda pale ambapo zamani madereva wa Safari walijisifu kupanda.

Mkewe alisikiliza bei ile mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, gari likae. Lakini nalo lifanye kazi, kama mimi." Msimu ule viti vya nyuma vikang'olewa, na 504 ikaanza kubeba magunia ya vitunguu saumu kupeleka sokoni. Tangi lilijengwa kwa mavuno mawili. Harufu ya saumu haikutoka tena katika vitambaa vya gari.

Wapendao magari ya kale huyapima kwa mwendo na kwa usafi wa rangi. Wilaya zile mbili zina kipimo kingine, kikongwe kuliko magari yenyewe: chombo husifiwa kwa wale kiliowarudisha nyumbani. Kwa kipimo hicho Peugeot ya Dongobesh, iliyonunuliwa kwa ajili ya mashindano yasiyorudi tena, imekwisha kushinda, bila ya saa kupigwa wala jina kuandikwa.