Harmonika ya Kuazima

Mimi ni Mualur, mzaliwa wa Mahagi, lakini maisha yangu yako Bunia. Kwa miaka kadhaa nilijiona fundi wa harmonika, kile wengine hukiita kinanda cha mdomo. Leo nakiri: nilikuwa mharibifu.

Nilianza kupenda muziki wa blues siku nilipomsikia mpiga harmonika Little Walter kwenye simu ya rafiki, akipiga "Juke", aliyoirekodi Chicago mwaka 1952. Nikadhani siri yake ni kifua. Nikanunua harmonika ya bei ndogo, nikaipuliza kama mtu anayechochea kuni mbichi. Haikumaliza mwaka. Ya pili nayo vilevile. Nililaumu kiwanda, nikalaumu vumbi la Bunia. Kujilaumu mwenyewe hakukunijia.

Mtaani kwetu Nyakasanza aliishi mzee mmoja mwenye Hohner Marine Band, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1896. Nilimwomba aniazime kwa wiki moja, naye hakusita. Nilikuwa nakula mandazi, nashushia chai ya sukari nyingi, kisha naipiga bila kusukutua. Ikaanza kunata. Nikailaza usiku kucha katika beseni la maji ya sabuni. Asubuhi mti wake wa katikati ulikuwa umevimba, meno yake yametokeza na kunichuna midomo. Nikivuta pumzi kwenye tundu la nne, sauti ilitoka imepwaya.

Nikaianika, nikaifuta ikang'aa, nikairudisha ndani ya kasha lake. "Asante, Papa," nikasema, basi. Siku tatu nilipita njia nyingine.

Siku ya nne alimtuma mjukuu wake aniite. Nilikwenda nikitarajia kulipishwa au kutukanwa. Nikamkuta ametandika kitambaa mezani, kisu kidogo mkononi.

"Keti, mwanangu. Umewahi kuona ndani yake?"

Akabandua vifuniko taratibu. Nikaona mabamba mawili ya shaba, kila moja na vilimi 10: vya juu vya kupuliza, vya chini vya kuvuta. Kilimi cha tundu la nne kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale kinaposhikiliwa.

"Hiki ulikivuta kwa nguvu," akasema. Nikainamisha kichwa, nikamweleza yote.

Hakunidai hata faranga. Alitoa harmonika yake nyingine na kuanza kunifundisha. Kwanza, osha kinywa. Ipashe joto viganjani. Ukimaliza, igonge kiganjani matundu yakitazama chini, mate yatoke, kisha iache ikauke kabla ya kuifunga. Maji ya beseni, kamwe.

Ndipo akaja kwenye blues: harmonika ya Do hupigwa katika Sol, na nyumbani kwake ni kuvuta tundu la pili. Kupinda sauti ni kazi ya ulimi kurudi nyuma, kama kinywa kinavyotoka kwenye "i" kwenda "u". Mapafu hayahusiki sana. Na ule ukubwa wa sauti ya Little Walter? Alikuwa amefumbata maikrofoni pamoja na harmonika, na umeme ndio uliokuza. Mimi nilikuwa nashindana na mashine.

Miezi mitano nilihangaika na tundu moja. Kila nilipokata tamaa, kifua kilitaka kurudia mabavu yake. Nilikumbuka pembe za agwara za kwetu Mahagi: kila mpigaji ana sauti zake chache, na ngoma huharibika mmoja akitaka kusikika peke yake. Jioni moja sauti ikateremka yenyewe, laini, nami sikuwa nimetumia nguvu yoyote.

Ile Marine Band mzee alinipa iwe yangu. Tundu la nne bado bovu, nami sijalitengeneza.

Ndugu msomaji, kama kuna kitu cha mwenzako ulikirudisha kibovu ukanyamaza, nenda ukamwambie. Mimi niliitwa. Si kila mtu huitwa.