Minazi ya Singida

Nilikulia katika kijiji ambacho nyaya za umeme mkubwa zilipita juu yake, na sisi chini tukasoma kwa kibatari. Utotoni nilidhani kuna mtu mahali fulani anatunyima tu. Chuoni ndipo nilipofundishwa kwamba umeme wa kilovoti 132 au 220 hauingii nyumbani kwa mtu. Sharti kwanza ufike kwenye kituo cha kupoza umeme, ushushwe hadi kilovoti 33, kisha transfoma ya kijijini iushushe tena mpaka uweze kuwasha taa. Kijiji kisicho na kituo jirani kinabaki kuangalia minara ikipita. Nikatoka chuoni na imani moja: nchi yetu inahitaji njia na vituo, na anayevichelewesha anawachelewesha watoto kama mimi.

Imani hiyo bado ninayo kwa sehemu kubwa. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza kwamba Kanda ya Kaskazini italetewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, watu wengi walishangaa, maana Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Sisi tuliofanya kazi kwenye njia za umeme hatukushangaa. Kutoka Rufiji, liliko bwawa hilo, hadi Kilimanjaro ni mbali, na sehemu ya umeme hupotelea njiani. Kuuzalisha ni kazi, na kuufikisha ni kazi nyingine. Nayasema haya mapema ili usidhani ninachojutia ni kuupenda umeme.

Kazi yangu ni kuandika ripoti. Mimi ni mtaalamu wa mazingira na jamii, na wakati wa haya ninayosimulia nilikuwa chini ya kampuni moja ya ushauri elekezi ya Dar es Salaam. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, njia kubwa ya umeme haijengwi kabla ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Wakati ule mradi ulisajiliwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, hadidu za rejea zilikubaliwa, wananchi walisikilizwa, ripoti iliandikwa, wataalamu waliipitia, na mwisho waziri mwenye dhamana ya mazingira alitoa cheti. Pembeni kuna EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na leseni zake chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, kuna halmashauri, kuna wathamini wa ardhi. Ofisini hayo yote tuliyaita kwa neno moja: vibali. Na tulikuwa hatuviombi, tulikuwa tunavifukuzia.

Nilikuwa hodari wa kuvifukuzia. Nilijua mhakiki yupi anapenda majedwali na yupi anasoma muhtasari tu. Nilijua pia kwamba ripoti ya njia ya umeme ya Pwani haitofautiani sana na ya Tabora. Minara ni ileile, mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa njia ya umeme, ni uleule, masharti ni yaleyale: usijenge chini ya nyaya, usipande miti mirefu. Kwa hiyo nilikuwa na ripoti moja mama, na kila mradi mpya niliufungulia hapo, nikabadilisha majina ya vijiji na ramani. Hakuna aliyeniambia kwamba ni vibaya. Wala sikuuliza.

Kwenye mikutano ya vijiji nilituma mtu. Alikwenda kijana wetu mmoja, mchapakazi, na fomu ya mahudhurio, wino wa dole gumba na kreti za soda. Alirudi na majina, saini na mhuri wa mtendaji. Mimi mezani niliandika kwamba wananchi wameupokea mradi. Saini ya kuhudhuria nikaigeuza kuwa saini ya kukubali, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Mradi ulionibadilisha ulikuwa njia fupi na kituo chake cha kupoza umeme mkoani Singida. Jina lake naliacha, maana waliohusika wengi bado wako kazini. Mwenye mradi alikuwa na haraka kwa sababu ya fedha za mkopo, na mimi nilikuwa na haraka kwa sababu ya ada ya mtoto. Nikafungua ripoti mama. Ilikuwa imetoka Pwani.

Wataalamu wa NEMC walikuja kukagua eneo kabla ya kikao cha kamati, na safari hiyo nililazimika kwenda. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Tulikaa chini ya mti mbele ya ofisi ya kijiji, wazee wakiwa upande mmoja. Akafungua ripoti yangu pale alipokuwa ameweka karatasi.

“Dada, hapa umeandika miti itakayolipwa fidia. Singida minazi imeota lini?”

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kicheko cha kujikinga. Hakusoma zaidi kwa sauti. Ukurasa uliofuata nilikuwa nimeacha Mto Ruvu upite katikati ya kata, na najua aliuona, kwa sababu alikuwa ameuzungushia kalamu. Aliufunua haraka, akaendelea.

Kisha akawauliza wazee kama kuna makaburi kwenye mkuza. Ripoti yangu ilisema hakuna. Mzee mmoja alisimama, akachukua fimbo yake, akaanza kutembea bila kusema neno, nasi tukamfuata. Nyuma ya shamba la alizeti palikuwa na makaburi ya ukoo wake, mengine yamejengewa kwa mawe, mengine ni mwinuko tu wa udongo ambao mgeni angeupita. Kigingi cha wapimaji chenye rangi nyekundu kilikuwa kimepigwa katikati yake. Pale ndipo ungesimama mguu wa mnara.

Nilisubiri ghadhabu, na ningestahili. Aliyevunjiwa heshima ya wafu wake ana haki ya kusema lolote. Mzee akawageukia wakaguzi.

“Huyu binti hakufika hapa. Aliyefika ni kijana wake, na kijana hakuuliza. Msimfukuze. Mwacheni aje mwenyewe akae, tumwonyeshe.”

Yule mama wa NEMC alikuwa na uwezo wa kunimaliza. Wataalamu wa mazingira tunasajiliwa, na usajili unaweza kufutwa kwa taarifa za uongo. Jioni, kabla hawajapanda gari, aliniita pembeni, akanirudishia ripoti na kuniambia iandikwe upya yote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwamba angependa kuisoma. Hakuna zaidi. Mpaka leo sijui kwa nini aliniachia. Nimewahi kumwona mara moja ukumbini, nikataka kumshukuru, nikashindwa kuanza.

Nilirudi kijijini nikapokelewa nyumbani kwa yule mzee. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwangu. Nilizoea kuuliza maswali ya dodoso, na watu hawajibu dodoso, wanajibu mtu. Mke wa mzee alinituma kuchota maji na kupepeta mtama, na huko ndiko nilikosikia mambo. Swali walilokuwa nalo wote lilikuwa fupi: umeme huu utatuwakia? Ripoti yangu ilikuwa imejibu kwamba wananchi watanufaika. Ukweli ni kwamba njia ile ilikuwa inapita tu. Umeme wa kuwakia nyumbani ungetegemea kituo kikamilike, kisha REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ilete nguzo zake, na hilo halikuwa ndani ya mradi wetu. Nilipowaeleza hivyo, nikategemea watakasirika. Mwenyekiti wa kijiji alisema tu, “Sasa ndiyo umesema.” Nikawakumbuka wazazi wangu, ambao hawakuwahi kuambiwa hata hilo.

Kulikuwa na mjane aliyelima ekari mbili ndani ya mkuza. Wathamini walipopita na kamera na vibao vya namba, aliyepigwa picha ameshika kibao cha shamba hilo alikuwa shemeji yake. Yeye siku ile alikuwa kliniki na mtoto. Mtu wa haraka angeona jina, picha na namba, akaona mambo yamekamilika. Ingekuwa mimi wa zamani ningeiingiza kwenye jedwali bila kupepesa macho.

Mzee mwingine alinihadithia habari za Hanang, jirani yao wa kaskazini, ambako miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho ya Wabarbaig na trekta zikalima juu ya makaburi yao. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1985 wanakijiji wakashindwa kwa sehemu kubwa. Nilikuwa nimesoma kesi hiyo chuoni kwa ajili ya mtihani. Hapo niliisikia kwa mtu ambaye shangazi yake aliolewa huko.

Niliporudi mezani nilianza kusoma sheria nilizokuwa nikizitaja tu. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na ndani yake fidia inahesabu gharama za kufukua na kuzika upya, pamoja na gharama za matambiko ya kutuliza. Aliyeiandika alijua kwamba kaburi halihamishwi kwa sepetu peke yake. Kuna kanuni za fidia ya ardhi zinazotaka mtu alipwe thamani ya soko, posho ya usumbufu na nyinginezo, na malipo yakipita miezi sita yaongezwe riba. Kuna sheria ya uthamini ya 2016 inayosema uthamini ukizeeka miaka miwili urudiwe. Haya yote yalikuwa kwenye rafu yangu. Nilikuwa nikiyanukuu kwenye ukurasa wa pili wa kila ripoti, kama mtu anayesali huku akiangalia saa.

Ripoti mpya ilichukua muda ambao mwenye mradi hakuupenda. Mhandisi wa njia alinigombeza kwa simu, na hakuwa na kosa kwa upande wake. Njia ya umeme inapenda kunyooka. Ukiipinda unahitaji mnara wa kona, wenye chuma kingi na msingi mkubwa zaidi, kwa sababu nyaya zinauvuta kwa upande mmoja. Nilimwambia aje aone makaburi. Alikuja, akavua kofia, akakaa kimya kidogo, kisha akaomba ramani. Kona aliyoichora ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa.

Na flamingo! Hili halikuwemo hata kidogo mwanzoni. Singida ina maziwa ya magadi, Singidani na Kindai, na flamingo huruka usiku kutoka ziwa moja hadi jingine. Usiku hawaoni waya. Kijana mmoja mchunga mbuzi ndiye aliyenionyesha wanakopita. Tukaandika kwamba kipande hicho cha waya kifungwe alama za kuzuia ndege wasigonge.

Cheti kilitoka na masharti mengi kuliko cheti chochote nilichowahi kushughulikia. Kampuni yangu ilikata sehemu ya malipo yangu kwa gharama za kurudia kazi, nikakubali. Ada ya mtoto tulilipa kwa kukopa kwa dada yangu.

Ningependa kukuambia kwamba yote yalinyooka. Hayakunyooka. Makaburi hayakuguswa, na jina la mjane liliingia kwenye orodha baada ya kikao kirefu cha ukoo. Lakini fidia ilichelewa kupita ile miezi sita, na riba ililipwa baada ya barua nyingi kwenda na kurudi. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyeziandika. Mimi nilimsaidia tarakimu tu.

Kama nawe uko pale nilipokuwa, sina la kukusuta. Huenda unasoma haya usiku, faili ya mradi mwingine iko wazi mbele yako, na kesho ni mwisho wa kuwasilisha. Huenda huna hata nia mbaya. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na imani nzuri na haraka, na viwili hivyo vilitosha kunifanya nisione makaburi. Haraka haijaniacha hata sasa. Bado kuna siku nakuta kidole kiko kwenye kitufe cha kunakili, aya ya mwaka juzi inanitazama, nami naanza kujitetea kwamba safari hii hali inafanana kweli. Wakati mwingine inafanana kweli, na hapo ndipo pagumu zaidi. Siku kama hizo humpigia simu mtendaji wa kijiji kinachohusika na kumuuliza jambo moja la kijinga, mathalani kama wana minazi. Huwa anacheka, kisha anaanza kunieleza walivyonavyo.

Karibuni niliomba kazi ya njia nyingine. Kwenye bajeti niliandika siku za kukaa vijijini, posho ya mkalimani, na mikutano miwili kwa kila kijiji, mmoja wa wanawake peke yao. Nikakosa, bei yangu ilikuwa juu. Aliyepewa namfahamu. Ni kijana mzuri, msomi kuniliko, na ana haraka. Nilimpigia nikampa namba ya mwenyekiti wa kijiji cha kwanza kwenye njia hiyo, na ya mama mmoja anayewajua wajane wote wa kata. Akaniambia amezihifadhi, na kwamba atakwenda mwenyewe wiki ijayo kabla ya kumtuma mtu.