Mfenesi na Sadaka ya Aliyepanda

Atokaye mjini Unguja kuelekea mashamba ya Kizimbani huiona mifenesi kandokando ya njia, imesimama kati ya minazi na mikarafuu, na kivuli chake ni kizito. Tulifika huko asubuhi moja pamoja na vijana wetu wa chuo, na mzee mwenye shamba akatupokea kwa ukarimu.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi. Ajabu yake ni kwamba hauzai kwenye ncha za matawi kama mwembe, bali mafenesi hutoka katika shina lenyewe na matawi manene, kwani vitawi vyembamba visingeweza kuyachukua. Hakuna tunda la mtini lililo kubwa kuliko fenesi; huweza kupita kilo 30.

Mwenyeji wetu alijipaka mafuta ya nazi viganjani, na kisu nacho akakipaka, ili ulimbo usigande, kisha akapasua. Tulikula nyama yake tamu ya manjano, na baadhi ya kokwa zikachemshwa kwa chumvi. Akatueleza kuwa fenesi changa hupikwa mchuzi, majani huliwa na mbuzi, na mbao zake hufanywa milango, kwani mchwa hawaziharibu upesi.

Kijana mmoja akauliza, "Maalim, mbona chuoni kwetu hakuna mti huu?"

Ulikuwapo. Aliupanda mwalimu aliyetutangulia, naye akafariki kabla haujazaa. Tukala sisi na majirani miaka mingi, kisha tukaukata kwa kuchoka kufagia majani. Tangu siku ile watoto husoma juani. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu apandaye mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huwa ni sadaka yake. Basi sisi tuliikata sadaka ya marehemu, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Kokwa ya fenesi haiwekwi; ikikauka haioti. Kwa hiyo tulirudi nazo siku ile ile zingali mbichi, na kabla ya Magharibi tukazifukia karibu na kisiki, kila kijana ya kwake.

Enyi wazazi, mwenye uwa na apande. Na aliyerithi mti, kabla ya kushika shoka, na amkumbuke aliyeupanda.