Zulia la Kwao

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii ilikusudiwa binadamu, lakini naamini yatufaa hata tunapopanda bustani.

Tutazame stroberi-mwitu wa Amerika ya Kaskazini, *Fragaria virginiana*. Mmea huu mfupi hutoa vikonyo virefu vinavyotambaa ardhini, vikaota mizizi na kuzaa miche mipya, hadi udongo ukafunikwa kana kwamba umetandikwa zulia. Nyuki huyazuru maua yake meupe, nao ndege huyala matunda yake madogo. Ndiyo maana wapenzi wengi wa bustani huko huupendelea kuliko nyasi za kigeni. Tena ni mzazi mmojawapo wa stroberi tunazolima Limuru, zilizotokana na mmea huo kukutana na jamaa yake wa Chile huko Ufaransa katika karne ya 18.

Ajabu ni kwamba miongoni mwa nyasi hizo za kigeni zimo zetu: nyasi za Kikuyu! Kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilipelekwa California mapema katika karne ya 20 ili zizuie mmomonyoko wa udongo, zikageuka magugu. Leo zimo katika orodha ya magugu hatari ya serikali kuu ya Marekani.

Nyumbani kwetu nyasi hizi zimeushikilia mteremko ulio mbele ya nyumba. Baba ataka kuzing'oa atandaze kabro. Asema ni adui wa mahindi yake, nami sina la kumpinga: kipande cha shina kikisalia shambani, huchipuka upya. Hata hivyo, mahindi hayamo mteremkoni. Pale mashina yake, yatambaayo juu na chini ya ardhi, huyapunguza kasi maji ya masika, yakanywewa na udongo. Juu ya kabro maji yatateremka hadi uani mwa jirani yetu wa bondeni.

Kuwa kwao hakuufanyi mmea uwe mwema kila mahali. Hata kwao una mahali pake. Nimemsihi Baba kabro iishie kwenye njia, shamba lipaliliwe vilivyo, nao mteremko uachiwe nyasi. Bado hajanijibu, na mafundi watafika kabla ya masika.