Kutoka Nairobi hadi Arua: Watoto Wapelekwe kwa Bibi Yao

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huwahusu sana wazazi ambao kazi imewapeleka nchi ya jirani, nao hulea watoto wao mbali na ukoo. Waganda wa namna hiyo wapo wengi mjini Nairobi, na miongoni mwao wamo wenyeji wa West Nile. Mtoto aliyezaliwa huko hujua Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shuleni, lakini Kilugbara, lugha ya bibi yake, hukisikia tu wazazi wanapozungumza usiku. Asipopelekwa nyumbani angali mdogo, atakuwa mgeni katika boma la babu yake.

Safari ni ndefu. Basi hupita Nakuru na Eldoret hadi mpaka wa Malaba, ambako siku hizi msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoiingia. Tangu 2014 raia wa Kenya na Uganda aweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Hata hivyo mtoto hana kitambulisho hicho, kwa hiyo mzazi amtafutie hati yake ya kusafiria mapema, achukue na cheti cha kuzaliwa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahauliwe. Tangu 2016 hicho hutumika maisha yote.

Sisi tulipowachukua wanetu wawili, tuliwapa kazi ya kuhesabu ni mara ngapi tutauvuka mto Naili. Mara ya kwanza ni Jinja, juu ya daraja jipya lililofunguliwa 2018, pale mto unapolitoka Ziwa Victoria. Baada ya msitu wa Mabira, wachuuzi wa Namawojjolo hulizunguka gari wakiinua kuku wa kuchoma na gonja. Tulilala Kampala, kwani si vema kumchosha mtoto kwa siku mbili mfululizo. Mara ya pili ni Karuma, ambako maji hupita kwa ghadhabu kati ya mawe, na nyani hukaa kando ya barabara wakingoja chakula. Mara ya tatu ni Pakwach, na hapo mto ni mpana na mtulivu. Mtoto wetu mdogo alikataa kabisa kuamini kuwa ni mto ule ule. Kutoka hapo barabara hupanda kupitia Nebbi hadi Arua, mji uliofanywa jiji 2020.

Tulipofika nyumbani, bibi alisema, “Mi ngoni?” Watoto wakanyamaza wakatutazama. Walikuwa hawajui kwamba jibu ni “Ma muke”, yaani sijambo. Uso wa mama mkwe ulibadilika, ingawa hakusema neno. Mtu hawezi kumsimulia mjukuu habari za ukoo kwa ishara za mikono.

Aliyetuokoa ni babu. Yeye, kama wanaume wengi wa West Nile tangu siku za King's African Rifles, alikuwa askari, na Kiswahili chake cha kambini bado ni imara. Jioni alikaa na wajukuu chini ya mwembe, akawa mkalimani kati yao na bibi. Aliwaeleza kwamba kaka wa baba yao si “uncle”. Huyo ni baba mkubwa, na neno lake ni neno la baba. Aliwaeleza pia kwamba baada ya vita vya 1979 watu wengi wa huko walikimbilia Sudan na Zaire, wakawalea watoto wao ugenini miaka mingi. Bibi mwenyewe alizaa ng'ambo ya mpaka. Watoto wake walirudi wakiijua lugha yao kwa sababu hakuwaruhusu kuomba chakula kwa lugha nyingine. Kufikia siku ya tano, wanetu walikuwa wakiomba ugali wa muhogo na mchuzi wa simsim kwa Kilugbara.

Jambo moja lataka hadhari kubwa. Nairobi iko juu, na malaria ni haba huko. West Nile ugonjwa huo ni mwingi. Mtoto aliyekulia Nairobi mwili wake haujazoea malaria, nayo yaweza kumwua haraka kuliko binamu yake wa kijijini. Kabla ya safari mwulize daktari juu ya dawa ya kinga, na mtoto alale katika chandarua chenye dawa kila usiku. Tena, homa yaweza kuanza wiki moja hata wiki kadhaa baada ya kurudi. Mtoto akipata joto, apimwe damu siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe waziwazi alikotoka.

Mambo haya hayawahusu walio ng'ambo peke yao. Watoto wa askari na polisi, ambao huzaliwa katika kambi moja na kusomea katika nyingine, wamo katika hali hiyo hiyo. Mzazi asingoje likizo ndipo aanze kufundisha. Aanze leo mezani kwake: salamu, majina ya jamaa, na jinsi ya kuomba maji. Nauli ikipatikana, mtoto ataingia bomani akiwa na neno la kumjibu bibi yake.