Kipande cha Mbingu Juu ya Waa

Mjomba hapandi tena mapaa, goti limekataa. Tangu niache chuo mwaka wa pili, mimi ndiye napanda. Yeye anabaki chini na kimashine chake kinacholia: "Kushoto kidogo. Hapo. Usipumue."

Kwa Wadigo wa zamani, mali ya mtu ilikwenda kwa watoto wa dadake. Basi urithi wangu ndio huo: mfuko wa spana, waya, na kimashine.

Wiki iliyopita tulikuwa Waa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dishi la huku limetazama juu kama mtu anayeomba dua. Setilaiti tunayoitafuta iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, nasi tuko kama nyuzi 4 tu kusini ya mstari. Kwa hivyo inakaa karibu na utosi. Iko kilomita 35,786 juu, na kwa umbali huo inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana ukiwa chini unaona kama imesimama. Taifa-1, ile Kenya iliyorusha Aprili 2023, haiko huko. Ile iliwekwa chini zaidi, ikawa inatupita na kwenda zake.

Mimi hapo juu ya paa nilikuwa na kazi ya pili kichwani: mteja alitaka makala kuhusu setilaiti ndogo za mawasiliano za huko huko juu. Kwa miaka mingi zilikuwa na uzito wa tani 3 hadi 6, mali ya kampuni kubwa, moja ikihudumia nchi nyingi. Sasa kuna wanaojenga za kilo 400 hivi, uzito wa fahali mmoja, zinazotosha nchi moja au jimbo moja. Badala ya kubeba mafuta mengi, zinasukumwa na injini za umeme, polepole, miezi kadhaa hadi zifike. Si rahisi lakini. Ya kwanza ya kampuni ya Astranis, iliyotengenezwa kwa ajili ya Alaska, ilirushwa 2023 na kifaa cha kugeuza paneli zake za jua kikaharibika.

Nilimsimulia Mjomba, sauti ikishuka na mabati. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1976, kule Bogotá, nchi kadhaa za ikweta, Kenya, Uganda na Zaire zikiwemo, zilitangaza kwamba kipande cha njia hiyo kilicho juu yao ni chao. Dunia haikukubali. Mkataba wa 1967 unasema anga za juu hazimilikiwi na nchi yoyote.

Mjomba akanyamaza. Kisha: "Kwa hivyo huko nako hakuna hati?"

Nikacheka, halafu sikucheka. Ada yangu ilipokwama, mama alikwenda benki na karatasi ya chifu. Wakamwomba hati ya shamba. Shamba tunalokaa babu alizaliwa hapo, nyanya amezikwa hapo, minazi ni yetu, lakini hati hatuna. Si sisi peke yetu, nusu ya watu ninaowafahamu Pwani hii wana hadithi hiyo hiyo. Mkopo ukakataliwa, na mimi nikarudi na begi langu.

"Hati hakuna," nikamjibu. "Kuna kujiandikisha. Nchi inapeleka ombi ITU kule Geneva. Halafu una miaka 7 ya kuweka setilaiti yako pale na kuitumia. Usipoitumia, nafasi inakwenda."

"Ukitumia?"

"Ukitumia, unatambuliwa."

Mjomba akafunga jicho moja kwa jua, akaangalia kule minazi yetu inakoonekana. "Sisi tumetumia miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Makala ya mteja niliipeleka usiku ule, maneno 800, nikalipwa. Swali la Mjomba sikulitia ndani, halikuwa limeagizwa. Nimeliweka hapa.

Siku hiyo nilishika dishi kwa mikono miwili, nikalisogeza upana wa ukucha. Kimashine kikalia mfululizo. Ndani ya nyumba mtoto akapiga kelele kwamba picha imekuja.

"Kaza hapo hapo," Mjomba akasema. "Lisisogee."